Ngozi ya Mama Riziki

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa wiki ijayo unaenda kuanza kazi ya uuguzi kule Walikale, afadhali uisikie kutoka kinywani mwangu. Si habari ya kunipamba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza shule ya wauguzi mwaka uliotangulia, nikapangwa kwenye kituo kidogo cha afya juu ya milima ya Masisi, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka hospitali kubwa. Tulikuwa wauguzi wawili tu: mimi, na Papa Bauma, titulaire, yaani mkuu wa kituo. Siku hiyo yeye alikuwa ameshuka mjini Sake kuchukua dawa. Nilibaki peke yangu na baraza iliyojaa wagonjwa, na kusema kweli nilifurahi. Nilitaka watu waone kwamba hata mimi ninajua.

Mama Riziki aliingia jua lilipokuwa limeshapanda. Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa maharagwe na viazi, mwimbaji katika kwaya ya akina mama. Alishusha kitenge mabegani akanionyesha viwiko. Ngozi ya pale ilikuwa nene, nyeusi kuliko sehemu nyingine, na juu yake kulikuwa na magamba meupe yaliyodondoka kama unga alipoyagusa. Magotini vilevile. Akasema inawasha, na kwamba ilianza taratibu baada ya kumzika mama yake.

Mwezi ule gali ilikuwa imeenea katika vijiji vyetu. Unaijua: ule upele unaoletwa na vidudu vinavyochimba ndani ya ngozi. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona wagonjwa saba wa gali, basi wa nane naye nikamwona hivyohivyo. Sikuinuka kwenye kiti. Sikumgusa. Nilimuuliza swali moja tu, kama inawasha, naye alikuwa amekwisha kunijibu kabla sijauliza. Nikaandika gali kwenye karatasi yake.

Kisha nilivaa mipira ya mikono ili kumkabidhi chupa. Fikiria hilo, mipira kwa ajili ya kumpa mtu chupa. Ilikuwa ile dawa ya gali, nyeupe kama maziwa. Nikamwambia ajipake mwili mzima kwa siku tatu, na kabla ya kujipaka ayasugue yale magamba kwa sabuni na kitambaa kigumu mpaka yatoke. Mlango ulikuwa wazi. Nikamaliza kwa sauti ya kuwafikia walioketi nje:

«Mama, hii inaambukiza. Usilale na mutu. Nguo yako, sahani yako, uweke pembeni.»

Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani ninawalinda watu. Lakini kabla ya jioni maneno yale yalikuwa yamefika kisimani. Kesho yake akina mama walimwomba Mama Riziki asubiri mpaka wamalize kuchota. Kiongozi wa kwaya alimtumia salamu apumzike kwanza. Mume wake, Papa Riziki, alihamishia mkeka wake kwenye nyumba ya jiko. Yote hayo niliyajua baadaye. Siku zile mimi nilikuwa nikilala usingizi mzuri.

Siku ya nne Papa Riziki alimleta akiwa amemshika mkono. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, naye amevaa makoti mawili na anatetemeka. Tulipomvua, mwili wote ulikuwa umewaka wekundu, kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, na ngozi ilikuwa ikibanduka kwa vipande vipana kama maganda ya kitunguu. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa amefanya kila nilichomwagiza. Alisugua, akajipaka, siku tatu, bila kuruka hata moja.

Papa Bauma alikuwa amekwisha kurudi. Hakuniuliza kitu. Alinawa mikono kwa maji ya vuguvugu, akajifuta, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwomba Mama Riziki ruhusa ya kumwangalia. Akauchukua mkono wake na kuuweka kati ya mikono yake miwili. Akafungua kidole kimoja baada ya kingine akitazama katikati, mahali ambapo gali hupenda kujificha. Akatazama viganja, kisha kucha, nazo zilikuwa na vitobo vidogovidogo kama zimechomwa na ncha ya sindano. Akamwomba afungue kilemba. Nyuma ya masikio kulikuwa na magamba yaleyale. Akamgeukia mume: yeye anawashwa? Watoto je? Papa Riziki akasema hakuna anayewashwa nyumbani. Na mama mwenyewe, usiku inazidi? Hapana, ni mamoja, usiku na mchana.

Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

«Mama,» Papa Bauma akasema, «hii haikukuwa gali. Inaitwa psoriasi. Ngozi yako inaota mbio kupita vile ingepaswa, njo maana inapanda magamba. Haitoke kwa uchafu. Haiambukize mutu. Na hakuna mutu mwenye alikutupia uchawi. Dawa yenye tulikupa njo ilichoma ngozi.»

Alisema «tulikupa», hakusema «huyu alikupa». Nililisikia neno hilo na nikalielewa.

Alinitoa nje, nyuma ya jiko la kituo, ndipo akaniuliza.

«Ulimushika?»

«Hapana, Papa. Nilimuona.»

Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ningependa siku ile angepaza.

«Ulimupa mutu dawa na haukumushika. Na ulimutangaza kwa baraza yote. Dawa, tutaitoa na maji. Ile ingine utaitoa weye.»

Tukaanza na dawa. Alinifundisha kumwosha kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, na kumkausha kwa kugandamiza kitambaa, si kwa kusugua. Alinituma nikate kucha zangu. Kisha nikampaka vaselini nyingi, kutoka kichwani hadi miguuni, kwa kiganja kilicho wazi, taratibu, nikifuata upande zinakolala nywele za mwili. Mahali penye nyufa na majimaji nilivaa mipira. Pengine pote hapana. Tukamzungushia shuka kuukuu, laini, lililofuliwa vizuri, na juu yake mablanketi, kwa sababu mtu ambaye ngozi yake imewaka hivyo hupoteza joto kama nyumba isiyo na paa. Tukamnywesha kidogokidogo, tukipima anachokunywa na mkojo anaoutoa. Nilipokuwa nikimpaka mgongo alianza kulia bila sauti. Nikamuuliza kama ninamuumiza. Akasema hapana, ni kwamba kabla ya leo, siku zote hizo hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Papa Bauma aliona kwamba kituo chetu hakitamtosha. Mapigo ya moyo yalikuwa yakienda mbio, na alihitaji daktari. Mvua ilikuwa imekata barabara; gari halikuwepo wala pikipiki isingepita. Ilibaki kipoyi, ile machela ya mianzi ambayo wanaume hubeba mgonjwa mabegani, wakipokezana. Kijiji chetu kilikuwa na kikundi cha wabebaji, na hakikuwahi kukataa mgonjwa. Papa Riziki alikwenda kuwaita. Alirudi peke yake. Walimwambia kwamba muuguzi mwenyewe amesema inaambukiza, nao wana watoto nyumbani.

Nilivua koti jeupe la kazi, nikatoka.

Niliwakuta kwenye salongo, kazi ya pamoja, wakijaza mawe kwenye barabara iliyobomoka. Mkuu wao aliitwa Papa Mateso, mtu mrefu mwenye mvi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, na nilipofika yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba nilikosea. Kwamba ile haikuwa gali, kwamba haiambukizi, kwamba dawa yangu ndiyo iliyomweka Mama Riziki katika hali ile. Wengine waliacha kufanya kazi, wengine waliendelea.

«Dada,» Papa Mateso akasema, «siku ile ulisema ni gali. Leo unasema si gali. Sisi tuamini siku gani?»

Lilikuwa swali la haki. Hata leo silioni kosa lake.

«Siku ile sikumushika, Papa,» nikajibu. «Leo nimemushika kutoka kichwa mpaka miguu. Kama inaambukiza, mimi njo wa kwanza.»

Alitazama mikono yangu. Ilikuwa bado inang'aa kwa vaselini, na vipande vidogo vya ngozi ya Mama Riziki vilikuwa vimeng'ang'ania kwenye vifundo. Sikuwa nimeileta hivyo ili ionekane. Haraka ilinisahaulisha kunawa. Papa Mateso aliegemeza jembe lake kwenye ukingo wa barabara, akaanza kupanda kuelekea kituoni. Kati ya wote waliokuwa pale, watano walimfuata. Wengine walibaki na mawe yao.

Wanaume sita kwa njia ile ni wachache, kwa hiyo Papa Riziki alichukua zamu mabegani, nami pia, kwenye miteremko. Mvua ilitupata katikati. Kila tulipopumzika nilimfunika upya na kumpa maji. Tulifika hospitali usiku umeshaingia, na daktari aliyempokea alithibitisha alichosema Papa Bauma, akaongeza kwamba siku mbili zaidi zingetosha kumwondoa duniani. Alilala huko majuma matatu. Akapona, maana yake ngozi ikatulia. Psoriasi yenyewe huwa haiondoki, huja na kwenda, na mtu hujifunza kuishi nayo.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kanisani, baada ya matangazo, nikasema mbele ya wote yale niliyoyasema barabarani. Mama Riziki aliporudi alikuja kituoni kila mwezi. Nilimfundisha kujipaka mafuta mara tu anapotoka kuoga, kuacha sabuni kali, kutokubandua magamba, na kurudi upesi akiona wekundu unaenea. Papa Riziki alirudisha mkeka wake ndani. Kwaya ikamrudisha pia, ingawa ilichukua muda. Lakini karibu mwaka mzima baadaye nilimkuta kisimani, ameketi juu ya jiwe, anangoja wengine wamalize. Hakuna aliyekuwa amemwambia angoje. Mmoja alikuwa hata anamwita asogee. Nikamuuliza kwa nini hachoti.

«Nimeshazoea,» akasema.

Alinisalimia vizuri siku zote, mpaka nilipohamishwa. Kunisamehe hakuwahi kunitamkia, nami sikumwomba, kwa sababu ningekuwa ninamwongezea kazi nyingine.

Sasa sikiliza ninachotaka ubebe. Kule Walikale utaona ngozi za kila aina. Utaona vijana wanaotoka upande wa Bisie na kwenye mashimo mengine ya madini, vidole vya miguu vimeoza kwa kushinda ndani ya buti zenye maji; hao wanataka kukaushwa miguu na kuachiwa hewa kabla ya dawa yoyote. Utaona gali ya kweli katika nyumba ambamo watu kumi wanalala chumba kimoja, na hapo utatibu nyumba nzima siku moja, na nguo zao pia, la sivyo umejisumbua bure. Utaona mapunye, na akina mama waliojiharibu ngozi kwa mafuta ya kujichubua, ambao watakuficha jina la mafuta hayo mpaka wakuamini. Na siku moja utaona doa lililofifia ambalo mwenyewe anasema haliwashi wala haliumi. Hilo ndilo la kuogopa. Mwombe afumbe macho, uliguse kwa ncha ya pamba. Asipohisi, huenda ni ukoma, na unatibika vizuri ukiwahiwa, basi mpeleke kwa wanaojua siku hiyohiyo.

Huwezi kuyatambua yote kwa kutazama kutoka kitini. Mimi sikuweza. Inuka, nawa, omba ruhusa, shika. Uliza nani mwingine anawashwa nyumbani, uliza usiku inakuwaje, uliza nini kilitokea kabla haijaanza. Leo mna simu, mnaweza kutuma picha kwa daktari na kujibiwa kabla mgonjwa hajaondoka. Fanya hivyo, ila kwanza mwombe mwenyewe, na uso usionekane. Usipojua, sema hujui. Funga mlango unapolitaja jina la ugonjwa, kwa sababu jina hilo ni la mgonjwa, si la baraza. Na ukikosea, mwanangu, maana utakosea, rudi ukaseme umekosea palepale uliposemea kosa, kwa sauti ileile. Hutarudisha kila kitu. Utarudisha kiasi cha mtu kubebwa mpaka hospitali.

Mungu aibariki mikono yako kabla haijachoka, na baada ya kuchoka. Akupe wagonjwa watakaokuambia ukweli, na mkubwa wa kazi atakayekukemea nyuma ya jiko na si mbele za watu. Akufikishe Walikale salama, na atakayekuja kwako akiuonea haya mwili wake aondoke ameinua kichwa. Nenda na amani.