Mwana-kondoo Aliyejibu Vizuri

Kile kitabu nilikinunua Majengo, hapa Goma, kwenye lundo la vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya shitingi, turubai la plastiki. Wakati ule nilikuwa najifunza Kiingereza, nikitumaini kupata kazi ya mkalimani. Kilikuwa chembamba, chenye hadithi moja tu ya Wagiriki wa zamani, imetafsiriwa kwa Kiingereza na kuchorwa picha kila ukurasa.

Papa, baba yangu, alikuwa akiishi kwangu mtaa wa Katoyi tangu vita vimfukuze Masisi. Hakujua kusoma. Shamba lake lilikuwa limekaliwa na watu wengine, naye alishakwenda mara mbili kulidai, karatasi ya shamba ikiwa ndani ya plastiki. Mara ya kwanza karani wa chefu, mkuu wa eneo lile, alimwambia kashe, yaani muhuri wa karatasi, ni ya zamani. Akatafuta kashe mpya. Mara ya pili akaambiwa alete mashahidi. Akapata wawili.

Siku moja nilikuwa nasoma kwa sauti mlangoni, akachungulia picha.

"Hii imbwa ni ya nani?"

"Haiko imbwa, papa. Ni munyama ya pori, ya kule Ulaya. Inakulaka kondoo."

"Unisomee basi."

Nikamfasiria polepole. Mnyama amesimama upande wa juu wa mto, mwana-kondoo anakunywa upande wa chini. Mnyama anamlaumu kwamba anamchafulia maji. Mwana-kondoo anajibu kuwa maji yanatoka kwa mnyama yakija kwake. Mnyama anasema alitukanwa naye mwaka uliopita. Mwana-kondoo anajibu kuwa hakuwa amezaliwa. Basi alikuwa baba yako, mnyama anasema, na anamla.

Papa akataka nirudie majibu ya mwana-kondoo. Nikarudia.

"Alijibu muzuri," akasema.

"Alijibu muzuri, papa. Lakini aliliwa."

"Ni juu hakukuwa mutu wa kusikia."

Akachukua kitabu, akafunua kurasa zote moja moja, akitafuta mtu kwenye picha. Hakumpata.

Wiki iliyofuata tulikwenda Masisi pamoja kwa karani, na mashahidi wetu. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa papa kiti, akasoma karatasi yote.

"Muzee, kashe iko sawa. Mashahidi pia. Lakini wale watu wanasema baba yako hakukuwa mutu wa hapa."

"Baba yangu amezikwa mu ile shamba," papa akasema.

"Kaburi haionekane tena, muzee. Walishalima."

Karani akasema karatasi ibaki kwake, wataiangalia vizuri. Akaitia kwenye droo ya meza yake. Mimi niliyesoma, mwenye Kifaransa na Kiingereza kidogo, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha papa. Watu wenye silaha walikuwa wamekaa nje chini ya dirisha. Nikasema asante.

Tukapanda gari kurudi. Tulipofika Mugunga, pembeni mwa mji, papa aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Huku Goma, watu wanazikwaka wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba udongo wa huku ni mawe ya volkano, wachimbaji hutumia siku nzima.

"Watachimba tu," akasema.

Hakutaja shamba tena. Nilipomuuliza kama turudi kwa karani kufuata karatasi, aliniambia nipike.