Mfasiri wa Picha ya Stesheni

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Mzee Khalfani siku ya Jumatano, na tangu hapo hakula akashiba. Ulitoka kwa Maisa, yule binti wa Kiarabu mwenye duka la udi na manukato karibu na soko la Tandika. Maisa alimwamkia, akamuulizia hali, kisha akasema ameipata Picha ya Stesheni, nzima, safi, tena ina maandishi ya Kiswahili chini. Akamwomba Jumamosi saa nane mchana aende kwake Mikoroshini waiangalie pamoja. Basi. Sababu hakuitaja. Khalfani aliusikiliza ujumbe ule mara sita, simu kaibana sikioni, machale yanamcheza.

"Maandishi ya Kiswahili chini," alimwambia mkewe, Tabu. "Umesikia hapo alivyokazia?"

Tabu alikuwa anachambua mchele. Akasema yeye hajasikia mtu kukazia chochote, kasikia mtoto wa watu anamkaribisha mzee nyumbani kwake. Khalfani akamwambia hajui dunia. Sababu ya hofu yake hata Tabu hakuwahi kuijua, miaka yote ile ya ndoa.

Wewe tutakwambia, usije ukadhani mzee wa watu kachanganyikiwa. Leo Khalfani ni fundi wa redio na rimoti kibarazani kwake, lakini miaka ya tisini alikuwa mfasiri wa kibanda umiza. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, mikeka chini, televisheni moja, deki moja, na joto la kumtoa mtu roho. Mwenye kibanda alikuwa na mikanda ya Kihindi ambayo hakuna aliyeielewa, akatangaza anatafuta mtu anayeijua lugha. Khalfani akajitokeza kifua mbele. Alikuwa amebeba majora ya vitambaa kwa mfanyabiashara wa Kihindi kule Kariakoo kwa miaka miwili, na Kihindi alichoondoka nacho kilikuwa maneno kumi, saba kati ya hayo matusi. Kazi akapewa siku ileile.

Mengine yote alitunga. Alisimama pembeni ya televisheni na kijiti mkononi, steringi wa picha akifungua mdomo naye anafungua wake, adui akicheka naye anacheka. Kwa kupiga kamba alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Watu wazima walitoka mle kibandani wanafuta machozi. Mpaka leo, akipita mtaani kwenda msikitini, watu na ndevu zao wanamwita Mfasiri, na yeye anaitika kama mtu aliyepewa cheo na serikali.

Waliompa kazi ngumu walikuwa watoto. Wao walikuwa na picha yao moja, na hiyo ndiyo waliyoiita ya Stesheni: mwanamke anamwacha binti yake mdogo kwenye benchi la stesheni ya treni, anapanda behewa, mtoto anakua bila mama. Kila Jumamosi saa nane, wakishatoka chuo cha Kurani, walijaa mkekani kuitazama. Ukiwawekea nyingine wanazira. Wameitazama wiki, mwezi, mwaka, mpaka mkanda ukaanza kutoa chenga, na bado wanaitaka. Sasa mtoto akishaipenda picha hivyo hakubali ubadilishe hata neno. Khalfani akisema "utanitambua" pale ambapo Jumamosi iliyopita alisema "ole wako", kibanda kizima kinamrukia. Ikambidi azikariri kamba zake mwenyewe, neno kwa neno.

Kwa makusudi alibadilisha mara moja tu. Maisa alikuwa na miaka minane, baba yake keshafariki, na wiki ile mama yake, Hayat, alikuwa ameondoka kwenda Muscat kutafuta maisha, kamwacha kwa bibi yake. Jumamosi mtoto akaja kama kawaida, akakaa mbele. Pale stesheni, mwanamke alipoinama kusema na binti yake, Maisa akavuta mtandio akajifunika uso. Siku zote Khalfani humsemea mwanamke yule, "Kaa hapa, nakuja sasa hivi." Siku ile ulimi ukakataa. Akajikuta anasema, "Naondoka, mwanangu, lakini sikuachi kwa kuwa sikutaki. Popote nitakapolala nitalitaja jina lako kwanza ndipo nifumbe macho."

Watoto wakachachamaa, mbona siku zote hasemi hivyo. Khalfani, bila kupepesa, akawaambia kichwa cha deki kilikuwa kichafu, leo amekisafisha kwa spiriti ndiyo maana anasikia vizuri. Wakakubali. Na kwa kuwa walikubali, ikabidi ayaseme maneno yale kila Jumamosi kwa miaka minne, mpaka kibanda kilipofungwa.

Umeona sasa kwa nini chakula hakimshuki. Maisa kayasoma maneno ya kweli! Khalfani aliona yote mbele ya macho yake: wale watoto wa zamani wamekusanywa sebuleni, simu imeegeshwa mahali, yeye anaombwa atafsiri kidogo tu kwa ajili ya kumbukumbu, huku chini maandishi yanamuumbua. Kufika magharibi yuko mtandaoni, Temeke nzima inamcheka. Ijumaa akapita karibu na duka la Maisa kuchungulia. Akamwona anacheka na mteja. Akajua anachekwa yeye. Akaona kreti ya soda inaingizwa ndani. Akajua wageni watakuwa wengi. Jioni akamwambia Tabu anaumwa tumbo. Tabu akamwambia tumbo lake analijua tangu ujana, kesho atakwenda, na kanzu keshapigwa pasi.

Alikwenda. Sebuleni hapakuwa na watu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Viti vilikuwa vitatu. Akaangalia kabati la vyombo, akaangalia maua ya plastiki, akainama kidogo kuchungulia chini ya meza akijidai anarekebisha kandambili. Simu ya Maisa ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi. Akamwomba aizime kabisa, eti mawimbi yanamuumiza kichwa. Maisa akaizima bila kuuliza. Kisha pazia la mlango wa ndani likatikisika, na nyuma yake mtu akakohoa kikohozi cha kujizuia. Khalfani akajisemea moyoni, haya, kamera ipo huko.

Maisa hakuianzisha picha mwanzo. Aliipeleka moja kwa moja stesheni. Mwanamke akainama, binti akainua uso, mdomo wa mwanamke ukatembea, na chini maandishi yakatoka meupe, makubwa: "Usimwambie mtu jina langu." Hayo tu. Behewa likaondoka. Khalfani akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Maisa akaisimamisha picha. Hakucheka. Akaanza kueleza taratibu, macho yake kwenye kioo cha televisheni. Mama yake amerudi. Ana wiki tatu humu ndani, miguu imemvimba, kule Muscat aliolewa, mume kafa, watoto wa mume wamemtoa. Anataka kuishi hapa. Maisa akasema hamwamini. Miaka thelathini na moja mtu hakukukumbuka, leo anaumwa ndiyo anakukumbuka? Mjomba wa Kunduchi yuko tayari kuja kesho kumchukua, anasubiri yeye tu aseme. Ila kabla hajasema, alimpima mama yake. Alimtajia yale maneno ya kibandani, ya kulitaja jina kabla ya kufumba macho, akamuuliza kama yeye ndiye aliyemtuma Khalfani ayaseme. Mama yake akasema ndiyo.

"Maandishi hayana hayo maneno, mzee, umejionea," Maisa akasema. "Kwa hiyo hayakutoka kwenye picha. Nimeyalalia na kuyaamkia tangu utotoni. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mama alikutuma?"

Hapo Khalfani akaelewa kwamba mtego ulikuwepo kweli, ila haukutegwa kwa ajili yake. Na angalia ulivyokaa: akisema ndiyo, yeye anatoka msafi, si mwongo tena, alikuwa tarishi. Mama anapata pa kulala. Mtoto anapata mama aliyemkumbuka. Neno moja, na maishani mwake alishasema maelfu yasiyo na faida hata kidogo. Akafungua mdomo. Ndipo akamwona Maisa, mtu mzima, mwenye duka na watu wa kuwalipa, anavuta mtandio polepole kuelekea usoni, vilevile kama zamani.

"Hakunituma," akasema. "Na mie Kihindi sikijui, mwanangu. Sijawahi kukijua. Nilikuona unalia, nikatunga."

Khalfani akasubiri atukanwe, akaona ni haki yake. Badala yake binti akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo uliniona?"

"Nilikuona."

Maisa akafuta macho kwa pembe ya mtandio, akamwita mama yake. Bi Hayat akatoka nyuma ya pazia akijishikilia ukutani, mwanamke mnene aliyechoka, uso umemshuka. Kila kitu alikuwa amesikia. Akakaa kwenye kiti cha tatu. Maisa hakumgombeza. Akachukua rimoti, akazima sauti, akairudisha picha mpaka pale mwanamke anapoinama.

"Mzee leo hatafsiri," akasema. "Tafsiri wewe."

Bi Hayat aliitazama picha ile ambayo hakuwahi kuiona. Mwanamke akainama, akanena, akapanda behewa, stesheni ikabaki tupu, naye bado hajasema kitu. Khalfani, kwa mazoea tu, alihisi maneno yanamjia mdomoni, mazuri, tayari kabisa, akayameza.

"Mie sikukuaga," mwisho Bi Hayat akasema. "Ulikuwa umelala. Nilijua ukiamka ukanishika nguo siendi tena. Nikatoka na viatu mkononi nisikuamshe." Akapumua. "Yale mengine ni ya Khalfani. Niliyakubali kwa sababu nilitamani yangekuwa yangu."

Khalfani akainuka ili awaachie nyumba yao. Maisa akamwambia akae. Kisha akairudisha picha nyuma, mwanamke akashuka kwenye behewa kinyumenyume, akaja mpaka kwenye benchi, akainama tena mbele ya mtoto.

"Tena," Maisa akasema. "Na usibadilishe neno."

Bi Hayat akasema tena. Mtoto kalala, nguo, viatu mkononi. Maisa akasikiliza kama walivyokuwa wakisikiliza mkekani, midomo yake ikimfuatisha mama yake kimyakimya, akivizia kosa. Hakulipata. Akarudisha nyuma.

Adhana ya alasiri ilipoanza walikuwa wameipitia mara tano, na maneno yalikuwa yaleyale. Maisa akaiwasha simu yake. Haikupita dakika ikaita, mjomba anauliza kesho aje saa ngapi. Maisa akamwambia asije.