Ng'ombe wa Kerala Kwenye Majlisi ya Wanaume

Aibu hii ni yangu na nitaisimulia mwenyewe, maana nimeona nikiwaachia wengine wanaisimulia vibaya zaidi, na mdogo wangu Sleiman anaongeza na mlio wa ng'ombe, ambao wallahi siku ile haukuwepo.

Nilikwenda Kerala, India, kumpeleka mama akakandwe magoti kwa mafuta, kama wanavyokwenda kina mama wengi wa Maskati. Wengine hurudi na magoti mapya, mimi nilirudi na picha. Nilipiga kila kilichokaa kimya mbele yangu na vingi vilivyokuwa vinakimbia: mvua juu ya migomba, wanawake wakifua kwenye mawe ya mtoni, vilima vya chai vilivyonyolewa vizuri kama kichwa cha mtoto siku ya akika, na minazi, minazi mingi sana, hadi mama, ambaye amezaliwa Unguja na kukulia chini ya minazi hiyo hiyo, akaniuliza, "Mwanangu, umenipandisha ndege uje unioneshe minazi?"

Na kila picha niliipa tafakuri. (Mimi ni mwalimu wa sayansi wa watoto wadogo, na kitu hakiwezi kupita mbele yangu bila maelezo, birika likichemka jikoni naeleza mvuke, hata kama aliyepo ni paka peke yake.) Chini ya yule mwanamke anayefua niliandika kwamba maji huondoka na uchafu na mtu hubaki na subira yake. Chini ya ng'ombe aliyelala katikati ya barabara, magari yanamzunguka kama mfalme, niliandika: "Huyu ameshafika, sisi ndio bado tuko njiani." Nikazituma zote kwenye grupu la ukoo, ukoo ukanijibu kwa vidole gumba, nami nikaamini kwamba India, baada ya kusubiri miaka yote hiyo, hatimaye imepata mtu wa kuieleza.

Wiki chache baadaye wakaja watu kumposa mdogo wangu Zuwena. Zuwena alikuwa amemsubiri kijana wake, Nasser, amalize masomo, kisha amemsubiri apate kazi, kisha, hili ndilo lililokuwa refu kuliko yote, amemsubiri babake akubali, kwa sababu Mzee Khalfan alitaka mwanawe aoe binamu yake na alikuwa hajakata tamaa. Mwisho akakubali kuja kwetu Hail, hapa Maskati, kutuona. Kuja tu, hakusema zaidi ya hapo. Mchana wake Zuwena akanishika mkono jikoni akaniambia, "Dada, nakuomba kitu kimoja. Leo usieleze chochote." Nikamwahidi, tena nikamweleza kwa kirefu kwa nini nakubaliana naye.

Hapa lazima nifafanue kidogo, mnisamehe. Nyumba yetu, kama nyingi za hapa, ina majlisi ya wanaume upande wa mlango mkubwa na sebule ya wanawake upande wa jikoni, katikati ukuta. Wageni wakija, kila watu na upande wao, na mwanamme hatii mguu sebuleni kwa wanawake wa watu hata nyumba ikiwaka moto (akiwaka yeye mwenyewe, labda). Kila upande una televisheni, na zote mbili baba alizinunua siku moja kwenye bohari moja kule mtaa wa Ghala, ndugu pacha, kwa sababu alisema bei ilikuwa nzuri na bei nzuri haimsubiri mtu. Zina ukubwa mmoja, rangi moja na, kama nilivyokuja kujua mbele ya mashahidi, jina moja.

Basi wanaume wakaingia kwao, sisi tukakaa kwetu: mimi, mama, Bi Shekha ambaye ni mamake Nasser, na dada zake wawili. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, magoti yakaulizwa hali. Kisha kikatanda kimya kile cha posa, ambacho kila mtu anaangalia zulia kana kwamba amelifuma yeye. Bi Shekha, kwa ustaarabu tu, masikini, akasema, "Na India huko kukoje?"

Nikajiambia picha si maelezo. Hilo ndilo kosa, lilikuwa dogo kiasi hicho.

Nikatoa simu niirushe kwenye televisheni ili wageni waone vizuri. Simu ikaniletea majina mawili, sawasawa herufi kwa herufi, nikabonyeza la juu kwa sababu la juu huwa ndilo. Simu ikasema imeunganishwa. Televisheni iliyo mbele yetu ikabaki nyeusi tii. Nikabonyeza tena, simu ikasisitiza imeunganishwa, nami nikaiambia haya, wewe ndiye unayeona, nikawaomba wageni wasogee wanizunguke, nikawaonesha kwenye simu yenyewe hivyo hivyo.

Yaliyokuwa yakiendelea ng'ambo ya ukuta nimeyajua baadaye kwa Sleiman. Mzee Khalfan alikuwa ameanza kueleza nasaba yao, babu kwa babu, kwa sauti nzito, na televisheni ya majlisi, ambayo baba huiacha na habari bila sauti, ikamwonesha mwanamke wa Kihindi anafua shuka. Baba akatafuta rimoti. Rimoti baba huificha wajukuu wasiichezee, naye huwashinda wote mpaka yeye mwenyewe. Swichi iko nyuma ya kabati la vitabu, na hakuna mtu anayevuta kabati katikati ya posa. Kwa hiyo wanaume wazima wakakaa na adabu zao wakatazama minazi.

Sleiman akanipigia. Jina lake likaja juu ya picha ya vilima vya chai na kuviharibu, nikamkata. Akapiga tena, nikamkata tena. (Huko majlisini, jina lake likawa linatokea ukutani kwa herufi kubwa na dada yake anamfuta papo hapo, na wageni, nasikia, wakaanza kumwonea huruma.) Akamtuma Prossy, dada wa Uganda anayefanya kazi kwetu, akaja akaniinamia sikioni, "Madam, Sleiman anakuita huko nje, anasema ni haraka sana." Nikamjibu kwa upole, "Mwambie nakuja, niko kwenye ng'ombe."

Na kwenye ng'ombe nilikaa. Nilimvuta karibu wageni waone utulivu wa jicho, vidole vikateleza, nikamvuta puani. Wakati huo huo Mzee Khalfan amefika kwa babu wa nne, na nyuma yake pua ya ng'ombe wa Kerala imejaa ukuta mzima, yenye unyevu wake.

Nikamalizia na video niliyoipenda kuliko zote: mvua ndogo, mfereji, na mtu mmoja ndani ya mtumbwi anaswaga mamia ya bata mbele yake. Tafakuri yake nilikuwa nayo mdomoni, kwamba anayewaongoza wengi huenda nyuma yao. Video ikaanza, bata wakaogelea, lakini sauti haitoki. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Ndipo nikamsikia mama anazungumza nyuma ya ukuta. Mama, ambaye amekaa ubavuni kwangu ameshika kikombe.

"Kijana mwenyewe mie sina neno naye," sauti ya mama ikanguruma kutoka majlisi, na mvua ya Kerala ikimsindikiza. "Babake ndo mkono wa birika. Harusi ya mwanawe mkubwa tumepewa sambusa moja moja. Tena ya mboga."

Ikafuata sauti nyingine, ya mwanamke mwenye elimu yake, inacheka na kusema, "Zuwena akiolewa kule itabidi tumpelekee chakula kwa siri."

Nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba siku ile mashuani, wakati narekodi bata, mimi na mama tulikuwa tunapiga soga. Bata wakaendelea na safari yao. Majlisini babu wa tano wa Mzee Khalfan hakutajwa. Nikaizima simu yote kabisa, kama mtu anayefunga zizi jioni ng'ombe wameshafika sokoni. Bi Shekha akaweka kikombe chini polepole, akamgeukia mama: "Sauti yako inasikika vizuri, Bi Salma. Mashaallah."

Wanaume wakatoka mapema. Mzee Khalfan alimwambia baba "tutazungumza, inshaallah," na sote tunaijua inshaallah ya namna hiyo. Zuwena, aliyekuwa chumbani kwake na habari zimefika kabla ya viatu vya wageni kuondoka mlangoni, hakunipigia kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Nilikuomba vitu vingapi?" Kisha hakunisemesha tena, na nyumba ikawa ya kupishana ukumbini kama wapangaji. Mama alipiga simu kuomba radhi, haikupokewa. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, birika lilikuwa linachemka mbele yangu nikaliacha lichemke.

Ijumaa baada ya sala ikasimama gari mlangoni. Akashuka Nasser peke yake, hatazami mtu, akaanza kuteremsha sinia. Akateremsha, akateremsha. Zilikuwa sambusa, zimejaa hadi juu ya kabati la viatu, na zote za nyama. Simu ya mama ikalia, ni Bi Shekha, na kwa kuwa mama husikiliza simu kwa sauti ya juu (mmeshaijua familia hii), tulisikia sote.

"Mzee anasema mzihesabu," alisema. "Zikitosha, atakuja Jumatatu kumalizia babu zake."

Zuwena akakaa chini pale pale mlangoni, akalia na kucheka kwa wakati mmoja, kisha akachukua sambusa moja akanitia mimi mdomoni, nzima nzima. Nilielewa maana yake, na sikuieleza.

Jumatatu walikuja, rimoti iko mkononi mwa baba tangu asubuhi, na simu yangu Sleiman ameifungia kwenye gari lake. Fatiha ikasomwa, posa ikapita. Siku ya akdi ya ndoa nikapishana na Mzee Khalfan uani, nikainamisha kichwa nipite, akanisimamisha.

"Mwalimu," akasema, "sisi kule tuliona picha tu, maelezo hatukuyapata. Yule ng'ombe alikuwa anafikiri nini?"

Jibu nilikuwa nalo, refu, limeandikwa. Nikamtazama Zuwena dirishani na hina yake mikononi, ananikodolea macho.

"Sijui, mzee wangu," nikamwambia.