Abiria Wasiosafiri

Kuna siku moja ya stendi ya Musoma ambayo haitaki kunitoka, mwanangu Nyabise, na ninakuandikia ungali hujui hata kushika kalamu. Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sina mvi hata moja, nina hasira tu. Lakini sitasubiri nizeeke ndipo nikwambie, maana wazee wetu walisubiri, na hawakutwambia kitu.

Stendi ile niliijua nikiwa mtoto, enzi za dhiki, sabuni hakuna, watu tunafulia majani ya mpapai. Mabasi yalikuwa ya umma, machache, na mafuta yakikosekana hayaji kabisa. Tulikuwaga tunakaa pale mpaka tunazoeana kama ndugu. Sikudanganyi kwamba palikuwa pazuri. Ila palikuwa na chumba cha abiria chenye mabenchi, bomba la maji, choo, na karani wa tiketi nyuma ya nondo, mtu mkali kupindukia. Basi likifika, karani yule anatoka nje na kupaza sauti: "Wagonjwa na wenye watoto wachanga mbele! Wewe kijana, ugonjwa wako upi, uvivu?" Watu wanacheka, wanapisha. Na saa ya kuondoka ikifika, basi linaondoka, limejaa au halikujaa.

Halafu ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, yakaja mabasi ya watu binafsi ya kila rangi, yanapiga muziki kuanzia asubuhi. Tulishangilia sana. Nilikuwa Form Two, nikaandika hata insha ya kuyasifu, mwalimu akanipa alama nzuri. Sasa chumba cha abiria kikapangishwa, kikawa duka la mitumba. Choo kikatiwa kufuli. Karani akapunguzwa kazi. Mahali pake wakasimama wapiga debe, na sheria ikabaki moja tu: gari haliondoki mpaka lijae.

Kaka yako Masatu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Wewe ulikuwa tumboni, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajua. Homa ilimshika, viganja vikawa vyeupe kama unga. Mganga wa zahanati alimfunua kope, akasema, "Mama, huyu anataka damu, na hospitali ya hapa mjini imeishiwa. Mpeleke hospitali ya misheni kule Bunda. Leo hii, usipitie nyumbani." Baba yako alikuwa Kiriba kwenye uvuvi. Nikamfunga Masatu mgongoni, nikaenda stendi.

Nilikuta mabasi mawili ya Bunda. La nyuma lilikuwa halina watu. La mbele limejaa, vichwa vimepangana mpaka nyuma.

"Bunda, Bunda, Bunda! Dada, imebaki nafasi moja, tunatoka sasa hivi!"

Nilisita. Wapiga debe nilikuwa nawafahamu. Lakini karibu na mlango alikaa mwanamke wa rika langu, ananyonyesha. Akanitabasamia, akasogea. "Panda mwenzangu, tutabanana hapahapa. Mtoto anaumwa? Pole jamani."

Nilipanda kwa ajili yake. Nilijiambia, mama mwenye mtoto hawezi kukaa kwenye bati lenye joto namna ile kama hana safari.

Dereva akawasha injini, akaingurumisha, gari likasogea mbele kidogo, likarudi palepale. Kisha watu wakaanza kushuka. Huyu anafuata soda, huyu anakwenda kujisaidia, huyu kasahau mzigo. Hakurudi hata mmoja. Mwisho yule mwanamke akajifunga mtoto wake, akainuka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Si tunaenda wote Bunda?"

Akainama sikioni kwangu, wala hakuona haya. "Mimi siendagi popote, dada. Wananilipa nikae. Wakiona mtoto, wanaamini."

"Umeniona na mgonjwa mgongoni, ukanisogezea nafasi?"

"Na huyu wangu naye anakula," akasema.

Akashuka. Akaingia basi la nyuma, akakaa karibu na mlango.

Tulibaki wachache, waliodanganywa. Muda si muda akaja mzee mmoja anashikiliwa na binti yake, anatetemeka miguu, naye wanamwimbia wimbo uleule wa nafasi moja. Nikasimama mlangoni. "Shikamoo baba. Msipande! Gari hili halina watu, waliokuwa wamekaa ni chambo!"

Binti akamvuta baba yake, wakarudi nyuma. Hapo ndipo nilipowajua binadamu, mwanangu. Sikutukanwa na wapiga debe kwanza. Nilitukanwa na wenzangu mle ndani.

"Wewe mama, kaa chini! Unatuharibia safari!"

"Kama ana haraka si anunue lake?" Wakacheka.

Mmoja amevaa tai, mtu wa kusoma kabisa, akanieleza taratibu kama mwanafunzi wake: "Ukiwaambia ukweli, gari litajaa lini? Waache wapande, tuondoke."

Nikawaonyesha viganja vya Masatu. Mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisani alimtazama, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Basi ndiyo unyamaze, mdogo wangu, ili tuwahi."

Sikunyamaza. Alipokuja mwingine nikapiga kelele tena. Kondakta akatupa kikapu changu chini. "Shusheni huyu, analeta nuksi!" Nilishuka na mtoto, na hakuna aliyeinuka kwenye kiti.

Lori lililokuwa linafuata pamba Bunda lilinichukua. Dereva alikuwa mtu mwema, ila lori lenyewe lilikuwa bovu, kila kilima tunapanda kwa kuomba Mungu. Kabla ya Kiabakari nikasikia honi nyuma. Basi lile likatupita, safari hii limejaa kweli. Nilimwona yule mama wa kitambaa dirishani. Aliponitambua akageukia upande wa pili.

Baadaye kidogo, nimempakata Masatu, nikahisi joto lake linapungua kifuani kwangu. Nikafurahi! Nikamwambia dereva, "Homa inashuka." Dereva akamtazama mtoto, akasimamisha lori pembeni, akavua kofia. Ndipo nikaelewa.

Msibani wazee walisema ni mpango wa Mungu. Bibi yako, mzaa baba, hakusema hivyo. Alisema mbele ya watu, "Mdomo wako umemuua mjukuu wangu. Ungenyamaza ungefika." Na basi lilitupita kweli, nililiona kwa macho yangu. Usije ukaniuliza kama najuta kupiga kelele. Kila siku najiuliza mwenyewe.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Usimwamini mtu kwa sababu amefanana na wewe. Kabla hujapanda, tazama kama waliokaa wana mizigo, muulize mmoja anakwenda kwa nani huko, msikilize anavyojibu. Hilo ni la stendi tu, utajifunza hata bila mimi. Kubwa ni hili: siku moja utakuwa umeshakaa, umechoka, unataka kufika, na mtu atasimama mlangoni kuwaambia wanaokuja kwamba wanaibiwa. Usimwambie akae. Usimwonee huruma halafu ukamwomba anyamaze. Inuka, hata kama utachelewa, na utachelewa. Mshuke wote, basi libaki na kondakta wake. Wangefanya hivyo siku ile, dereva angeondoa gari mwenyewe, akiogopa kukosa hata hao wachache. Nasema angeondoa. Sijui. Sijaona likifanyika.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe safari zisizo na haraka. Na ikija siku ya haraka, ndani ya gari akukutanishe na watu. Mimi niliwakuta abiria tu.