Siku Niliyokataa Kulala kwa Wifi

Jamani, sasa hivi nacheka kwa sababu kulia nimeshalia vya kutosha, ila kwa muda mrefu sikutaka mkasa huu usikike pale mtaani kwetu Mabatini, Mwanza, maana mimi vitenge nauza kwa mdomo, na mwanamke anayeuza kwa mdomo akishachekwa basi wateja wanakuja dukani kuchukua habari na kitenge wanakiacha. Kwa kuwa mmeshausikia nusunusu kwa wambea, bora niwape mwenyewe, mzima, mnicheke kwa haki.

Binti yangu Jasinta mnamjua, yule aliyeolewa Kanada. Mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa hukohuko, analia kwenye simu na mimi huku nalia nimekaa juu ya majora ya vitenge, nikamwapia kwamba mwanangu, ya pili nitakuwepo, nitakushika mkono mpaka mtoto atoke. Ya pili ikaja, ikakua salama, na mkwe wangu Deusi (kijana mpole kiasi kwamba huwezi kumkasirikia, na hilo lenyewe linaudhi) akanitafutia tiketi. Tiketi yenyewe haikununuliwa kwa hela. Kumbe watu wanaosafiri sana kikazi wanapewa pointi na shirika la ndege, wanazikusanya miaka na miaka, zikitosha zinageuka safari ya bure. Deusi alikuwa anazitunza aje ampeleke mke wake mapumziko, akazimaliza zote kwa mama mkwe. Mama mkwe ndiye huyu mjinga mnayemtazama.

Akanipigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mama, ndege kubwa inaondokea Dar saa kumi na moja jioni. Ile ya kutoka Mwanza ni shirika jingine na tiketi yake ni ya peke yake, kwa hiyo ukichelewa hawakusubiri. Nakuomba uende Dar siku moja kabla, ulale kwa shangazi, uamke umetulia. Nafasi za pointi ni za kuvizia, ukiikosa hii sijui nyingine nitaipata lini."

Mtoto wa watu alieleza vizuri mpaka basi. Mimi kwenye maneno yote hayo nilisikia moja tu: ulale kwa shangazi. Shangazi mwenyewe ni wifi yangu Koku, dada wa mume wangu, anakaa Tabata kwenye nyumba ambayo ukiingia unavua viatu, unapangusa miguu, kisha unaonyeshwa pa kukaa, na unapokaa kuna kitambaa juu ya kochi na kitambaa kingine juu ya kitambaa. Ukigusa rimoti anakohoa. Chakula anakupakulia yeye, halafu anakuuliza umeshiba kwa sauti ya kukuambia umeshiba. Nikasema mimi, mwanamke mzima mwenye duka langu, nikakoholewe? Thubutu! Kutoka Mwanza hadi Dar kwa ndege ni saa moja na nusu, unafunga mkanda, unakunywa soda, unafungua mkanda. Nikakata tiketi ya ndege ya asubuhi ya siku ileile, nikajiona nina akili kuliko mkwe, wifi na mashirika yote mawili.

Jioni ya siku ambayo nilitakiwa niwe Dar, Deusi akaandika: "Mama, umefika kwa shangazi?" Nikajibu nimefika salama, tunakula. (Nilikuwa nakula kweli, sato wa kuchemsha, ila nyumbani kwangu.) Nikaona si uongo mkubwa, kwani kesho mchana si ningekuwa Dar kweli? Ndivyo shetani anavyokubembeleza, anaanza na uongo wa saizi yako.

Asubuhi nikafika uwanjani nimevaa kitenge kipya cha mshono wa mabega, na begi, na kindoo cha senene, wale panzi wetu wa kukaanga, alioniagiza Jasinta. Tukakaguliwa, tukakaa chumba cha kusubiria. Tukasubiri. Mara wakatangaza ndege bado haijaondoka Dar kuja kutuchukua, sababu za kiufundi. Jirani yangu, baba mmoja wa suti aliyekuwa anakunywa soda, akanipa pole. Nikamwambia wala sina wasiwasi, mimi naunganisha Kanada. Neno Kanada nililitamka ili lifike mpaka kwenye viti vya nyuma.

Simu ikaita, Jasinta, ya picha kabisa. Mtu mwenye akili angeiacha iite. Mimi nikaipokea na nikaweka spika, eti watu wasikie binti yangu anavyoniita kutoka majuu. Akatokea Jasinta na tumbo lake, Deusi pembeni, na mara kioo kikagawanyika, na nani huyo? Wifi Koku! Kumbe Deusi amemuunganisha, na adabu zake zile za kuua mtu, ili amshukuru kwa kunipokea.

"Shangazi, asante sana kwa kumlaza mama."

"Mama yupi?" Wifi akasogeza uso karibu na simu. "Deusi, mama yako mimi sijamtia machoni tangu harusi yenu."

Kabla sijakohoa, spika za uwanja zikaitikia juu ya kichwa changu: "Abiria wa kwenda Dar es Salaam kutoka Mwanza, tunaendelea kuwaomba radhi..."

Deusi akauliza taratibu, "Mama, uko Mwanza?"

Nikasema, "Haloo? Haloo? Mtandao unasumbua baba."

Yule baba wa suti akasema, bila hata kuulizwa, "Mama, mtandao mbona uko vizuri tu." Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka dada wa usafi akaegemea fagio. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jasinta peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Mama, lakini utawahi?"

"Nitawahi mwanangu."

Ndege ilikuja mchana umeshapinda. Tulipotua Dar nikasubiri begi langu kwa sababu ndege hizi mbili hazipeani mizigo, kisha nikatafuta usafiri wa kwenda jengo la kimataifa, kitenge nimekipandisha magotini, kindoo cha senene kichwani, jasho mpaka kwenye nyusi. Kaunta ilikuwa imefungwa. Nikamwambia binti wa pale kwamba nina tiketi, nikamwonyesha, nikamwambia ndege ya Mwanza ndiyo imechelewa, si mimi. Akaniangalia kwa huruma (nilitaka kumzaba kibao) akasema, "Mama, hizi tiketi mbili hazijuani."

Nani alikuja kunichukua? Wifi Koku. Njia nzima hakunisema hata neno, na mimi nilikuwa nimejiandaa kusemwa, nina majibu yangu kabisa. Tulipofika mlangoni akasema, "Karibu wifi. Viatu acha hapo."

Deusi alihangaika na shirika, akaambiwa nafasi ya pointi inayofuata ni mwezi ujao. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mama, pumzika." Na kabla wiki ile haijaisha, nimekaa juu ya vile vitambaa nachambua maharage ya wifi, simu ya wifi ikaita, Deusi. Jasinta amejifungua mtoto wa kike, wazima wote wawili. Nikapiga kigelegele, wifi akapiga, tukashikana tukicheka na kulia. Kisha Jasinta akachukua simu, sauti imekauka.

"Mama, uchungu ulipozidi nilikuwa nakuita wewe tu. Manesi wakamuuliza Deusi, huyo anayeitwa yuko wapi aingie."

Nikauliza, "Akawaambiaje?"

"Akawaambia uko njiani."

Nikamrudishia wifi simu yake, nikaendelea na maharage, mazuri nikiyatupa na mabovu nikiyaweka kwenye sufuria. Wifi aliona. Hakukohoa.

Mjukuu nilikuja kumshika ameshaanza kucheka, akanitazama akalia. Tangu hapo mtu akiniambia niende siku moja kabla, naenda mbili, na nikiambiwa nilale kwa mbwamwitu nitauliza tu blanketi liko wapi. Haya, nimewamalizia. Sasa nunueni vitenge.