Sinema Iliyokosa Mkanda wa Mwisho

Gari la sinema halikuwa na safari ya kuja kwetu. Lilikuwa linakwenda Mtae, likapita Shume salama, halafu mvua ikaangusha kipande cha mlima mbele yake na kingine nyuma yake, likabaki katikati, yaani kijijini kwetu. Serikali ilikuwa imetuahidi maji ya bomba, zahanati na trekta. Tukaanza na sinema.

Dereva ndiye aliyekuwa fundi wa mashine, na wote tukamwita Bwana Sinema. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, na baridi yetu ilimwonea bila huruma. Mwenyekiti wa kijiji alimleta alale kwetu kwa sababu mama yangu alikuwa mjane mwenye chumba cha ziada na sifa ya ukali. Mama aliitikia shikamoo yake, akamtazama meno yanavyogongana, akaenda kumtolea sweta la marehemu baba.

"Mwanangu," akamwambia, "katika nyumba hii ya Kilutheri sinema ni dhambi. Lakini viazi vipo jikoni."

Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima na sijaolewa, kwa hiyo nilihesabiwa kuwa mali ya umma. Mwenyekiti hakuniuliza. Alitangaza tu mkutanoni kwamba ndugu mwalimu atatafsiri sinema kwa Kishambaa, ili wazee nao waelimike.

Maonyesho yalifanyika mchana katika ghala la ushirika. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka ukutani, na jenereta ikanguruma nje. Kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, kabichi zote za kijiji zilikuwa humo humo ghalani zikisubiri lori, na zilikuwa zimechoka kusubiri. Mpaka leo nikiona sinema yoyote, hata iwe ya kifalme namna gani, pua yangu inatafuta kabichi iliyooza.

Kila onyesho lilianza na filamu ya viongozi wakishuka kwenye ndege na kupeana mikono. Siku ya kwanza tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Baadaye tulipiga yale ya kumridhisha mwenyekiti, aliyekuwa akigeuka kutazama nani amekunja mikono.

Halafu ikaja filamu ya choo. Bwana mmoja mnene alichimba choo, akaingia, akatoka akitabasamu, na muziki ukapigwa. Mama, ambaye alikuwa amekuja kuhakikisha tu kwamba sikai karibu na wanaume, aliuliza kwa sauti ya kanisani, "Mtu anatoka chooni anapigiwa ngoma? Kwani alikuwa amepotelea huko?" Ghala zima likacheka, nami sikuweza tena kutafsiri faida za mfuniko.

Filamu ya matuta haikufika mwisho. Wazee wetu waliwahi kulazimishwa matuta na Mwingereza, wakagoma, na ugomvi ule ulikuwa sehemu ya uhuru wao. Sasa walimwona bwana shamba mweusi ukutani akichimba yale yale, huku sauti ikimsifu. Mzee mmoja alisimama mbele ya shuka, tuta likamwangukia usoni, akasema kwa Kishambaa, "Huyu tulimfukuza. Nani amemrudisha?" Mwenyekiti akaamuru twende kwenye burudani.

Burudani ya kwanza ilikuwa ya makauboi. Kiingereza chao kilitokea puani, sikukielewa, nikafupisha: wanagombania ng'ombe. Wazee waliridhika, kwa sababu jambo hilo lina maana. Ila walitaka kujua ng'ombe wenyewe anawachunga nani wakati watu wazima wote wanapigana risasi. Mama alikuwa na lake. Watu hawa wanaingia nyumba ya wenyewe na kofia kichwani, wanakunywa pombe asubuhi, na shikamoo hata moja hajaisikia. "Wafe tu," alisema, nao wakafa karibu wote.

Lakini iliyotuvuruga ni ile ya Kihindi. Nilimwuliza Bwana Sinema wanasema nini.

"Hata mimi sijui, mwalimu," akanijibu. "Huwa nangoja waimbe."

Basi nikatunga. Nilisema yule kijana mzuri anataka kumwoa yule binti anayelia, ila mjomba mnene ameikataa mahari. Yule mwanamke mwenye hereni kubwa nikamfanya jirani mchawi. Kila walipoimba niliwaambia wanasali, ili mama asiondoke. Mama hakuondoka. Alilia kwa ncha ya kanga, akamtukana mjomba kwa maneno ambayo sikujua kwamba Mlutheri anayo.

Kijana alipoanguka, damu ikimtoka kifuani, mkanda ukaisha na shuka likabaki jeupe. Tukangoja. Bwana Sinema alipekua maboksi yake, kisha akainua uso. Mkanda wa mwisho ulikuwa umebaki Korogwe.

Sijawahi kuona watu wa milimani wakiwa wakali namna ile. Mwenyekiti alinishika mkono, akaninong'oneza, "Ndugu mwalimu, malizia wewe kabla hawajalivunja gari."

Nilisimama mbele ya shuka nikamalizia. Kijana akafa, binti akajiunga na kijiji cha ujamaa. Nilidhani mwenyekiti atapenda. Wakanizomea, mama yangu akiwa wa kwanza. Mwenyekiti akapiga meza, akasema kijiji hiki kina utaratibu wake.

"Wanaotaka kijana afe?"

Hakuna aliyethubutu.

"Wanaotaka apone?"

Mikono ikajaa hewani. Mama aliinua miwili. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba kila mtu ana kura moja.

"Huu mwingine ni wa marehemu," alisema mama. "Yeye angetaka apone."

Kijana akapona kwa kauli moja, mjomba akatubu, nasi tukaenda nyumbani tumeshiba. Baada ya barabara kuchimbuliwa, kwa majembe yetu wenyewe, Bwana Sinema aliondoka na sweta la baba. Mama alikataa kulipokea, akisema limeshazoea kutazama dhambi.

Mwaka uliofuata nilipelekwa semina Tanga, na nje ya jumba moja la sinema nikakutana na uso wa yule kijana kwenye bango la filamu ile ile. Nikaingia. Aliyeketi kando yangu alikuwa kijana wa Kihindi aliyezaliwa pale pale Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, naye akanieleza kila kitu. Mjomba mnene alikuwa baba mzazi, mtu mwema. Mchawi wa hereni ndiye mchumba. Na yule binti aliyekuwa akilia, ambaye niliwaliza watu wazima wa Usambara wakitaka aolewe na yule kijana, alikuwa dada yake.

Niliporudi nilimkuta mama akimenya viazi. Nikamsimulia yote. Kisu kilisimama.

"Dada? Tumbo moja?"

"Tumbo moja, mama."

Alichungulia mlangoni.

"Usimwambie mwenyekiti," akasema. "Ataitisha mkutano mwingine."

Kisha akarudi kwenye viazi vyake, akaniuliza kama huko Tanga mchele unapatikana.