Kitale hadi Bungoma, Tukiitafuta Santuri ya Korongo

Redio ikipiga ule wimbo, Mama huizima. Hata awe anasonga ugali, ataacha mwiko aende kuizima. Yeye ndiye aliyeuimba kwanza, na Korongo Band ya hapa Kitale, enzi za viatu vya soli nene. Kabla santuri haijatoka akaolewa, na Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kanisa. Gramafoni haikuingia kwake. Bendi nayo ikagawanyika. Walioondoka wakajiita Super Korongo, wakaurekodi upya na mwimbaji mwingine, na huo ndio redio inaoujua. Kwa hiyo Mama hajawahi kuisikia sauti yake ya usichana. Mwaka huu masikio yake yameanza kuwa mazito, na daktari hakutupa matumaini mengi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikaazima gari la shemeji.

Kitale tuliondoka asubuhi na baridi yake. Mama alijifunga kitambaa cha harusini, ingawa alikana kwamba amejipamba. Tukapita Kiminini na Kamukuywa kati ya mahindi mabichi, akinifundisha kuendesha gari, kazi asiyoijua hata kidogo. Misikhu tulisimama kununua ndizi, tukaendelea.

Bungoma tulifika adhuhuri, tukakaribishwa chai na kaimati nyuma ya msikiti, kwa Mzee Juma, aliyepiga gitaa la besi Korongo.

"Bilha! Ati bado unaishi, bana?"

"Si hata wewe, na ile pombe yote!"

"Niliacha. Sasa nakunywanga chai tu."

Walicheka mpaka Mzee akapaliwa. Nilipouliza santuri, akatikisa kichwa. "Zangu zilinyeshewa zote. Lakini Rispa iko nayo moja, pale Misikhu."

Mama akaweka kikombe chini. "Rispa gani? Si yule mwimbaji wa Super?"

"Huyo huyo."

"Basi nirudishe nyumbani."

"Mama," nikamwambia, "njia ya nyumbani inapita Misikhu."

Alibamiza mlango wa gari, akatazama nje ya dirisha mpaka Webuye. Nilikuwa na hofu, nakiri, kwa sababu Mama akinuna hata mvua husubiri.

Misikhu, alasiri, tuliuliza sokoni tukaonyeshwa duka la nguo. Mama alikataa kushuka, nikaingia peke yangu kueleza. Rispa, mama mnene mwenye miwani, akatoka mwenyewe, akainama dirishani.

"Wewe ni Bilha. Karibu, dada. Nimekungoja sana."

Mama alishuka. Kwa dharau aliyokuwa nayo kwa mtu huyo, sikutegemea.

Rispa alifungua leso akatoa santuri. "Upande wa pili imeisha kwa kuchezwa. Walevi walikuwa wanataka tu ile ya kudensi. Hii ya kuimba, hakuna mtu alikuwa na haja nayo."

Sindano ya gramafoni ikagusa. Gitaa likaanza, kisha msichana akaimba, sauti nyembamba, safi, isiyoogopa kitu. Mama alisogeza sikio lake lenye nafuu karibu na spika. Machozi yalinitoka mimi kabla yake. Ubeti wa pili, katikati ya neno, msichana akakatika pumzi, akalimalizia neno kwa haraka.

"Aa!" Mama akajishika kinywa. "Hapo pumzi iliniishia. Nilidhani watapatoa hapo."

"Hawakutoa," Rispa akasema. "Na mimi, wakati Super walinichukua, nilijifunza kwa hii santuri, neno kwa neno. Nikafikiri ndio unataka ikatwe hapo. Sasa na mimi nikakata."

"Hata kwa ile ya redio?"

"Hata hiyo. Si huwa unasikia?"

Mama aliitazama santuri ikizunguka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuacha wimbo ufike ubeti wa pili.

"Rudisha mwanzo," akasema. Wakaimba wote watatu, mabibi wawili na yule msichana, na pale kwenye neno wakakatika pamoja, wakaangua kicheko.

Rispa alitaka kumpa santuri. Mama akakataa. "Kaa nayo. Nitakuwa nakuja kuisikiliza hapa, masikio yakiniruhusu."

Njiani kurudi jua lilikuwa linashuka nyuma ya Elgon. Nilijifunza kwamba kinyongo kinaweza kumnyima mtu kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Nilienda kutafuta santuri, nikapata mama mdogo. Tulipokaribia Kiminini nilidhani Mama amelala.

"Nilimchukia bure," akasema. "Kumbe nilikuwa na mwanafunzi."